Kununua nyumba Dubai na kupata ikama (kibali cha kuishi huku): maswali mnayoniuliza kila siku

Mi si dalali na sina nyumba ya kumuuzia mtu. Huu mwaka wa kumi na moja nipo Dubai, nafanya hesabu kwenye ofisi ya kago Deira, na mwaka 2019 nilinunua kastudio kangu International City, jirani na Dragon Mart ambako wafanyabiashara wetu wa Kariakoo wanapajua kuliko hata mimi. Tangu ndugu na marafiki wajue nimenunua, simu haipumziki, mara Dar, mara Mombasa, mara Lubumbashi, na maswali ni yaleyale. Nayajibu yote hapa kwa pamoja, na nitasema ukweli hata pale unapouma maana nshaona watu wazima wakilia hapa mjini.

Hivi kweli mgeni anamiliki nyumba kabisa, au unakodishiwa miaka 99 alafu wanakunyang'anya?

Unamiliki kabisa. Mlango ulifunguliwa mwaka 2002, na mwaka 2006 ikaja Sheria namba 7 ya kusajili ardhi ikaweka mambo sawa kimaandishi. Ila si kila mtaa. Kuna maeneo yaliyotengwa ambayo mgeni anaruhusiwa kumiliki moja kwa moja, wenyewe wanayaita frihold: Dubai Marina, Downtown, Business Bay, Palm Jumeirah, Jumeirah Village Circle, Sports City, International City na mengine mengi tu. Hati miliki inatoka Dubai Land Department, yaani idara ya ardhi ya serikali, ina jina lako, unaweza kuuza, kupangisha, kumrithisha mtoto. Mitaa mingi ya zamani ya Deira mliyozoea kulala mkija kuchukua mzigo haimo kwenye mpango huo, kwa hiyo mtu akikuambia anakuuzia chumba Naif we aga taratibu uondoke.

Hiyo ya miaka 99 ipo pia kwenye baadhi ya maeneo, ni ukodishaji wa muda mrefu. Soma hati imeandikwa nini, usisikilize mdomo.

Nikishanunua tu napewa ikama?

Hapana jamani, na hili ndo linalowaumiza wengi. Nyumba ni kitu kimoja na ikama ni kitu kingine, nyumba inakupa haki ya *kuomba* ikama kama thamani yake inafika kiwango. Mfano mzuri ni mimi mwenyewe, kastudio kangu hakafiki kiwango chochote kwa hiyo ikama yangu mpaka leo ni ya kazi. Nimemiliki na bado mwajiri akinifuta kazi inabidi nijipange upya.

Kuna njia kubwa mbili. Ya kwanza ni ikama ya mwekezaji ya miaka 2, kiwango kinachojulikana ni nyumba ya dirham 750,000, iwe imekamilika na ina hati. Ya pili ni ile ya miaka 10 ambayo wote mnaiita goldeni viza, hiyo ni dirham milioni 2. Dirham haichezi, imefungwa kwenye dola kwa 3.6725 tangu 1997, kwa hiyo hesabu ni rahisi: 750,000 ni kama dola 204,000 na milioni 2 ni kama dola 545,000. Ipo na ya wastaafu ya miaka 5 kwa waliofika umri wa miaka 55, wao kwa upande wa nyumba wanaangaliwa milioni 1, na kuna njia ya akiba au kipato kwa asiye na nyumba.

Hivi viwango vimeshabadilika mara kadhaa nikiwa hapahapa. Siku unayotaka kusaini chungulia tovuti ya Dubai Land Department siku hiyohiyo, usitumie meseji uliyofowadiwa mwaka juzi, hata hii yangu usiifanye msahafu.

Nina milioni mia moja za Tanzania, inatosha?

Hapana. Hiyo ni kama dola elfu arobaini au pungufu, inategemea shilingi imeamkaje. Hapa inaweza kuwa malipo ya mwanzo ya kitu fulani lakini si nyumba, na ikama ndo kabisa usiiwaze. Najua kuna tangazo umeliona linasema "miliki Dubai kwa asilimia 10 tu". Asilimia 10 ni ya kuanzia, hizo 90 zilizobaki unadaiwa wewe.

Goldeni na ile ya miaka miwili zinatofautiana nini zaidi ya miaka?

Tofauti kubwa ni kukaa nje. Ikama ya kawaida ukikaa nje ya Emirati zaidi ya miezi sita mfululizo inakufa, hii nimeona mama mmoja wa Tanga alienda kuuguza mzazi, siku anarudi ndo anaambiwa uwanja wa ndege kwamba ikama haipo. Goldeni haina sharti hilo, unaweza kukaa Moshi mwaka mzima ukarudi iko palepale. Na kwenye goldeni unaweza kuweka mwenza na watoto bila kujali umri wa mtoto, wakati kwenye za kawaida mtoto wa kiume akishakuwa mkubwa inakuwa vita ya makaratasi. Pia kwa goldeni unaruhusiwa kujumlisha nyumba zaidi ya moja ili ufike milioni 2. Zamani kidogo walikuwa wanataka uwe umeshalipa milioni 1 kwanza kama umenunua kwa mkopo au kwa awamu, sharti hilo likaondolewa mwanzoni mwa 2024, ndo maana mwaka ule madalali walipagawa.

Kote kote unapimwa afya, damu na eksirei ya kifua. Wanaangalia VVU na kifua kikuu. Nalisema wazi kwa sababu hakuna dalali atakayekuambia: ukikutwa na VVU ikama hupewi, nyumba inabaki yako kihalali ila kuishi hapa hapana. Kama unaijua hali yako, nunua ukiwa unajua hilo, au usinunue kabisa kama lengo lilikuwa ni kuhamia.

Na hiyo ikama inaniruhusu kufanya kazi?

Kuishi ndiyo, kufungua akaunti benki ndiyo, kupata Emirates ID, kitambulisho cha mkazi, ndiyo. Kuajiriwa ni mpaka mwajiri akuombee kibali cha kazi. Usije na ikama ya nyumba ukajua kesho unaingia ofisini.

Ukiacha bei ya nyumba, kuna gharama gani zinajificha?

Tuchukue nyumba ya 750,000 tupige hesabu kama tuko kwenye daftari. Dubai Land Department wanachukua asilimia 4, hiyo 30,000. Dalali asilimia 2 na VAT yake, 15,750. Ofisi ya kusajili uhamisho, 4,000 na VAT inakuwa 4,200. Hati yenyewe 580. Jumla ni 50,530, yaani zaidi ya dola elfu kumi na tatu, na bado hujalipa barua ya kampuni iliyojenga kwamba muuzaji hadaiwi, hiyo inaanzia kama 500 hadi 5,000 kutegemea kampuni. Bado hujaweka hata pazia. Bado ada za ikama, vipimo, bima ya afya ambayo Dubai ni lazima.

Na tangu 2025 Benki Kuu yao imezikataza benki kukukopesha hizo ada za asilimia 4 na 2, kwa hiyo hizo uwe nazo mkononi, taslimu yako.

Alafu ipo inayoitwa sevisi chaji, hii ndo naomba uisome mara mbili. Kila mwaka mwenye nyumba analipia lifti, walinzi, bwawa la kuogelea, usafi wa korido, na inapigwa kwa futi ya mraba. Nyumba ya futi 700 ikiwa ni dirham 15 kwa futi ni 10,500 kwa mwaka, uwe na mpangaji usiwe na mpangaji. Jengo lenye bwawa tatu na jimu ya kioo linapendeza kwenye picha lakini wewe ndo unalilipia. Usipolipa deni linalala kwenye nyumba na kuuza huwezi. RERA, wasimamizi wa serikali wa mambo ya nyumba, wanaidhinisha viwango na unaweza kuvitazama kabla ya kununua, jengo kwa jengo, sasa mtu anayenunua bila kutazama sijui anaharakia nini.

Ninunue ya kwenye ramani au iliyokamilika?

Hapa nitakaa kidogo maana hapa ndo nilipoungua.

Mwaka 2016 kabla sijanunua hii studio nilienda kwenye maonyesho ya nyumba kwenye hoteli moja, chai nzuri, mabinti wazuri, kijumba cha plastiki mezani kina taa mpaka ndani ya madirisha. Jamaa akanambia zimebaki mbili tu, weka ada ya kushikilia. Nikalipa dirham 20,000 kwenye akaunti aliyonipa yeye. Ilikuwa akaunti ya ofisi yao ya udalali, si ya mradi. Mradi haukuanza, ofisi ikahama, simu ikazimwa. Dirham elfu ishirini kwa mshahara wangu wa wakati ule ilikuwa ni miaka ya kujinyima, nilikuwa nakula mkate na chai ili niweke. Sijui kama nitakuja kuacha kuumia nikikumbuka.

Nilichokuwa sijui ni kwamba sheria ya kunilinda ilikuwepo tangu 2007. Sheria namba 8 ya mwaka huo inasema hela za wanunuzi wa nyumba za kwenye ramani zinaingia kwenye akaunti maalumu ya amana ya mradi huo, na mjenzi anapewa kidogo kidogo kadiri jengo linavyopanda. Na haikuletwa bure: baada ya hapo, 2008 na 2009, bei za Dubai ziliporomoka vibaya, maeneo mengine zaidi ya nusu, miradi ikasimama jangwani nguzo zimetoka tu. Novemba 2009 hata Dubai World kampuni ya serikali ilitangaza kuomba kusogezewa madeni yake. Sasa kama kubwa lile liliyumba, kijikampuni kisichojulikana kitakuwaje?

Kwa hiyo ukitaka ya kwenye ramani, hela yako yote, hata ile ya kushikilia, iende kwenye akaunti ya amana ya mradi yenye jina la mradi. Hakikisha mradi umesajiliwa na kuna usajili wako wa awali unaoitwa Oqood, bila Oqood wewe huna kitu una risiti tu. Fungua programu ya Dubai REST uangalie ujenzi umefika asilimia ngapi kwa macho ya wakaguzi wa serikali, usiangalie video ya dalali.

Faida yake ipo, siikatai. Unalipa kwa awamu bila riba, bei ya mwanzo huwa nafuu, na kwa goldeni nyumba ya ramani inakubalika ikiwa ya kampuni iliyoidhinishwa. Ila mtu wa kipato cha kwetu, ambaye mzigo wa kontena mmoja ukichelewa bandarini awamu nzima imeyumba, mi ningemwambia anunue iliyokamilika, ndogo, aiguse ukuta, amuone mpangaji aliyemo. Huo ndo msimamo wangu na wengi tunabishana nao.

Nikishindwa kumalizia awamu hela yangu inarudi?

Si yote. Sheria ilivyorekebishwa 2020, mjenzi anatakiwa kwanza akupe notisi ya siku 30 kupitia Land Department, ukishindwa anaweza kuvunja mkataba na kukata. Kama jengo limeshafika asilimia 60 na kuendelea anaruhusiwa kubaki na hadi asilimia 40 ya thamani ya nyumba. Thamani ya nyumba, si ya ulicholipa. Chini ya 60 ni hadi asilimia 25. Yaani ukiwa umelipa asilimia 30 tu na jengo limepanda, unaweza kuondoka mikono mitupu kihalali kabisa.

Nitamjuaje dalali wa kweli?

Dalali halali ana kadi ya RERA yenye namba, na namba hiyo unaiingiza kwenye Dubai REST inakuletea jina lake na ofisi yake. Akikwepa kukupa namba, imeisha hiyo. Mkikubaliana kuna fomu rasmi, ya mnunuzi na dalali ni Fomu B, ya mnunuzi na muuzaji ni Fomu F, na kwa kawaida unaweka cheki ya asilimia 10 kama dhamana. Uhamisho wenyewe unafanyika kwenye ofisi ya usajili, wewe na muuzaji mmekaa meza moja, cheki ya benki inatoka kwako na hati inatoka kwa serikali palepale. Haichukui hata saa mbili.

Na hili naomba tulisemee kwa sauti: Mswahili mwenzako si leseni. Wengi wanaolizwa hapa wamelizwa na mtu waliyekula naye wali sahani moja, "huyu ndugu yetu bwana", hela ikapita kwenye akaunti ya ndugu yetu. Mpende, msalimie, mnywe naye kahawa, lakini hela ipite njia ya hela.

Natoaje hela nyumbani bila kupata kesi?

Kwa Wakenya ni rahisi, udhibiti wa fedha za kigeni uliondolewa tangu 1995, benki itataka tu nyaraka ikizidi dola 10,000. Kwa Mtanzania anayeishi nyumbani ni tofauti, kupeleka mtaji nje kunasimamiwa na Benki Kuu chini ya sheria ya fedha za kigeni ya 1992, kwa hiyo kabla hujaahidi mtu tarehe nenda kakae na meneja wa benki yako akuambie kwa hali yako kibali kinahitajika au la. Mliokuwa mnafanya biashara 2023 na 2024 mnakumbuka dola ilivyoadimika, jamaa yangu alishasaini mkataba na kila wiki benki inampa dola kiduchu kama dawa ya kikohozi, akakaribia kupoteza dhamana yake.

Upande wa huku nako wamekaza. Emirati iliwekwa kwenye orodha ya kijivu, ya nchi zinazochunguzwa zaidi, na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji wa fedha, mwaka 2022 ikatoka Februari 2024, na katika kujisafisha walianza kuwataka madalali waripoti kila ununuzi wa nyumba unaolipwa taslimu kuanzia dirham 55,000. Tanzania nayo ilikuwa kwenye orodha hiyo tangu 2022 ikatoka 2025, Kenya ikaingia 2024, kwa hiyo hela inayotoka kwetu inaulizwa maswali ya ziada. Andaa mapema mkataba wa kuuza kiwanja, hesabu za biashara, risiti za kodi. Ile ya kubeba madola kwenye begi au kumpa mtu wa hawala duka la simu, hata ikifika salama utakwama kuieleza imetoka wapi.

Benki za huku zinanikopesha?

Mwenye ikama na mshahara hapa anaweza kukopeshwa hadi asilimia 80 kwa nyumba ya kwanza isiyozidi dirham milioni 5. Asiye mkazi kiwango kinashuka sana, wengi wanaambiwa walete nusu au karibu nusu, na si kila benki inapokea kipato cha shilingi. Kwa ufupi usiitegemee.

Kodi ya pango inalipa kweli? Wanasema asilimia saba.

Rudi kwenye nyumba yetu ya 750,000. Tuseme unaipangisha 52,000 kwa mwaka. Ukigawa unapata karibu asilimia 7, ndo ileile ya tangazo. Sasa toa sevisi chaji 10,500. Toa wa kukusimamia kwa sababu wewe uko Mwanza, asilimia 5, 2,600. Toa 2,500 ya fundi, AC ya huku ikifa mpangaji hasubiri hata nusu siku. Toa mwezi mmoja nyumba ikiwa tupu, 4,300 hivi. Umebaki na 32,100, na ulichotoa mfukoni si 750,000 ni 800,530. Ni asilimia 4.

Asilimia 4 kwa hela iliyofungwa kwenye dola si mbaya, mimi mwenyewe imenisaidia kusomesha wadogo zangu wawili. Lakini si utajiri. Na bei ya nyumba inapanda na kushuka, kuanzia 2014 mpaka 2020 ilikuwa inateremka tu, mimi 2019 nilinunua kwa mtu aliyekata tamaa kabisa, namuonea huruma mpaka leo.

Mpangaji akigoma kutoka?

Hapa ni tofauti na kwetu ambako unamtolea vyombo nje. Mkataba unasajiliwa Ejari, mfumo wa serikali wa mikataba ya pango, na ukitaka nyumba yako kwa ajili ya kuuza au kukaa mwenyewe unampa notisi ya miezi 12 kupitia mthibitishaji wa serikali au barua ya rejista. Miezi kumi na miwili. Kwa hiyo ukinunua nyumba yenye mtu ndani na wewe unataka uhamie Desemba, uliza kwanza hiyo notisi alishapewa lini. Kupandisha kodi nako kuna ukomo, kuna kikokotoo cha RERA, na juu kabisa ni asilimia 20 kwa nyumba iliyokuwa chini sana ya soko.

Kodi ya serikali je?

Huku mtu binafsi halipi kodi ya mapato ya pango. Nyumbani ni habari nyingine: ukiwa mkazi wa Tanzania kikodi, TRA wanahesabu kipato chako cha dunia nzima, kwa hiyo pango la Dubai linatakiwa liingie kwenye ritani yako. Wengi hawajui au wanajifanya hawajui. Mtafute mhasibu mkae naye mara moja tu kwa mwaka.

Baada ya miaka kumi nitapewa uraia?

Hapana. Nyumba haikupi uraia wa Emirati. Kuna marekebisho ya 2021 yanayoruhusu baadhi ya wawekezaji na wataalamu kupewa, ila hapo unapendekezwa na wenyewe, huendi kuomba dirishani. Na kwa Mtanzania kumbuka sheria yetu haimruhusu mtu mzima uraia wa nchi mbili. Ikama haigusi pasipoti yako, we ni Mtanzania mwenye ruhusa ya kukaa kwa watu.

Alafu ukiuza nyumba, ruhusa nayo inaondoka.

Mbona hutuambii Uturuki, Ureno, Oman?

Kwa sababu naishi Dubai na nasema ninachokiona. Lakini kwa kifupi: Uturuki inatoa uraia kabisa kwa nyumba ya dola 400,000, ilikuwa 250,000 mpaka 2022. Ureno waliitoa nyumba kwenye mpango wao Oktoba 2023. Hispania wakafunga kabisa Aprili 2025. Ugiriki wakapandisha Athens na visiwa vikubwa mpaka euro 800,000. Oman mgeni ananunua kwenye miradi maalumu ya kitalii kama Al Mouj kule Muscat na anapata ukaazi, na wenye ndugu huko kutoka Unguja na Pemba wana sababu ya moyo kuliko ya hesabu, siwezi kuwapinga. Unaona mlango ulivyo, leo uko wazi, kesho umefungwa, nyumba ndo inayobaki na wewe. Ndo maana kila anayenipigia namuuliza kitu kimoja: ikama ikifutwa kesho bado ungeitaka hiyo nyumba? Akikaa kimya najua jibu.

Niuze kiwanja cha Kigamboni nije ninunue huko?

Dada aliyeniuliza hili alikuwa na kiwanja kimoja, watoto watatu, na mume aliyekuwa hajaambiwa. Nilimwambia hapana na nitakuambia na wewe hapana. Kama ndo mali pekee uliyonayo, usiiuze kuja kununua ghorofani jangwani ambako sevisi chaji haijui kama mtoto anaumwa. Njoo Dubai na hela ambayo ikilala miaka mitano bila kuamka nyumbani kwako watu bado wanakula.

Nikifa nyumba inakwenda kwa nani?

Swali zuri na hamliulizi vya kutosha. Muislamu, mirathi inakwenda kwa sheria ya Kiislamu mahakamani Dubai, lazima itoke hati ya warithi kwanza. Asiye Muislamu ana nafasi ya kuandika wosia na kuusajili, na tangu Februari 2023 kuna sheria ya shirikisho inayowahusu. Kwa wote, cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vipigwe mihuri mapema, Wizara ya Mambo ya Nje nyumbani, ubalozi wa Emirati, alafu wizara ya huku, na vitafsiriwe Kiarabu. Ndugu yetu mmoja alifariki ghafla, mke wa pili alikuwa wa bomani na cheti kiko kwenye sanduku kijijini, familia ilihangaika zaidi ya mwaka na muda wote huo sevisi chaji inapanda.

Na mwambie mwenza wako kwamba una nyumba. Nimeona hati inagundulika kwenye simu ya marehemu.

Nina siku tano za kuja kuangalia, nifanye nini?

Siku ya kwanza usionane na dalali. Panda metro, shuka, tembea kwenye mtaa unaoutaka saa nane mchana uone jua linavyochoma mpaka kituoni, maana mpangaji wako atatembea hapohapo. Rudi saa tatu usiku uone pakingi. Muulize mlinzi wa jengo, wengi ni wenzetu wa Kampala na Nairobi, lifti inaharibika mara ngapi na tarehe 16 Aprili 2024 ile mvua kubwa iliposhuka maji yaliingia pakingi ya chini au hayakuingia. Uliza AC ni ya jengo au unalipia kampuni ya kupoza pembeni, bili hiyo ya pili inaweza kumkimbiza mpangaji kuliko kodi yenyewe. Ndani fungua bomba zote kwa pamoja, nusa bafuni, angalia dari chini ya bafu la jirani wa juu. Jengo likiwa jipya uliza limekabidhiwa lini, mjenzi anabeba mambo ya umeme na mabomba kwa mwaka 1 na mhimili wa jengo kwa miaka 10.

Ukimaliza hayo ndo umpigie dalali, na ukija Deira jioni pitia ofisini, tutakunywa chai tuzipitie karatasi pamoja kabla hujasaini, sitaki hata senti.